Freti ya Saba

Freti ni vile vipande vya chuma vinavyokatiza shingo ya gitaa, na ya saba ya gitaa langu la kwanza la umeme niliiua mwenyewe, kwa tupa ya kunolea visu, ndani ya dakika kumi. Haikuwa na kosa lolote. Siku chache kabla nilikuwa nimebadilisha nyuzi: nikatoa seti nene ya 11, nikafunga nyembamba ya 9, kwa sababu vidole vilikuwa vinaniuma na nilitaka kuvuta nyuzi kama nilivyowaona wakubwa wakifanya. Zikawa laini kweli. Ila kila nilipobonyeza ya tano au ya sita, sauti ilitoka na mkwaruzo, kama nzi aliyefungiwa kwenye chupa. Nikainama, nikachungulia, nikaona uzi unaigusa ya saba. Mshitakiwa kapatikana. Nikaenda kutafuta tupa.

Mkwaruzo uliisha, na kwa wiki mbili nilijiona fundi. Kisha nikaja kujua kwamba ndani ya shingo ya gitaa kuna nondo, na kwamba nondo hiyo ina kazi. Nyuzi huivuta shingo mbele. Nondo huirudisha nyuma. Nilipofunga nyuzi nyembamba nilipunguza mvuto wa upande mmoja, nondo ikashinda, shingo ikabenuka kinyumenyume na katikati yake ikapanda. Katikati ndiko iliko freti ya saba. Nikalegeza nondo robo ya mzunguko, shingo ikarudi kwenye hali yake. Na hapo ndipo ya saba ilipoanza kukwaruza yenyewe, kwa sababu sasa ilikuwa chini kuliko ya nane. Wahenga walisema mwiba hutokea ulipoingilia. Kwenye gitaa huu una tabia nyingine: unaingilia shingoni, unatokea kwenye freti.

Tangu siku hiyo nimevalisha freti mpya magitaa kadhaa, yangu na ya watu wanaoniamini kupita kiasi, na bado naona kitu kile kile. Watu hubishana usiku kucha kuhusu pikapu (vile visumaku vinavyonasa sauti ya nyuzi), mbao za mwili na aina ya nyuzi, halafu kile kipande cha chuma ambacho uzi unakilalia kila unapobonyeza hawajui hata kimo chake.

Ukiichomoa freti moja ukaitazama kwa ubavuni, ina umbo la uyoga. Kichwa cha mviringo hubaki juu ya ubao wa vidole, na mguu mwembamba huzama kwenye mfereji uliokatwa kwa msumeno. Mguu una vijino pembeni. Mfereji una upana wa kama milimita 0.6 na mguu kama 0.5, kwa hiyo kinachoishikilia freti mahali pake ni vile vijino vinavyoung'ata ubao, na gundi kidogo kwa wanaopenda gundi. Kumbuka jambo hilo, nitalirudia.

Zamani freti nyingi hazikuwa za chuma wala hazikuwa zimepigiliwa. Vinanda vya Ulaya kama lute vilifungwa freti za utumbo wa mnyama: kipande kinazungushwa shingoni na kupigwa fundo, na ukiona sauti haikukaa sawa unakisogeza kwa kidole. Mmoja wa wapigaji wa lute, Vincenzo Galilei, baba wa Galileo yule wa nyota, alieleza mwaka 1581 kanuni rahisi ya kuzipanga: gawa urefu wa uzi kwa 18, freti ya kwanza ikae mwisho wa fungu la kwanza, chukua urefu uliobaki, gawa tena kwa 18, na kuendelea hivyo. Leo tunagawa kwa 17.817, namba inayotokana na kugawa oktavu katika hatua 12 zilizo sawa. Kwenye gitaa ambalo uzi wake una milimita 648, freti ya kwanza inakaa milimita 36.4 kutoka kidaraja cha kichwani, kile kinachobeba nyuzi mwanzoni mwa shingo, ya 12 inakaa 324 kamili, yaani nusu, na kati ya ya 21 na ya 22 zimebaki milimita 10.8 tu za kuingiza kidole. Ukitumia kanuni ya mzee Galilei kwenye gitaa hilo hilo, ya 12 itakaa milimita 2.4 kabla ya nusu. Inaonekana kosa kubwa, lakini kidole kinapobonyeza uzi huuvuta kidogo na kupandisha sauti, kwa hiyo upungufu ule ulifidia sehemu ya mvuto huo.

Hesabu hiyo hata hivyo alishaifanya aliyetengeneza gitaa. Kinachokuhusu wewe ni freti ipi ikae kwenye ule mfereji.

Namba za wauzaji huchanganya. Za Jescar zinasomeka ukishajua siri yake: 47095 ni kimo cha inchi 0.047 na upana wa inchi 0.095, yaani karibu milimita 1.2 kwa 2.4. Za Dunlop ni majina tu, lazima uyakariri: 6230 ni ndogo ya mtindo wa zamani, upana milimita 1.98 na kimo 1.09; 6105 ni nyembamba lakini ndefu, 2.29 kwa 1.40, 6100 ina kimo kile kile cha 1.40 ila upana unafika 2.79. Watu huita hii ya mwisho "jumbo", yaani kubwa mno, wakidhani ukubwa wake ni kimo. Kumbe ukubwa wake ni upana.

Na mimi nashauri uanze kufikiria kimo, upana utafuata. Freti ikiwa fupi, ncha ya kidole inagusa ubao kabla uzi haujatulia vizuri juu ya chuma. Kuvuta uzi kunakuwa kazi kwa sababu nyama ya kidole inasuguana na mbao njia nzima. Freti ikiwa ndefu, kidole hakifiki kwenye ubao kabisa. Unashika uzi peke yake, unaweza kuuvuta hatua nzima bila kukunja uso. Ila mkono mzito unaadhibiwa. Ukibonyeza kwa nguvu uzi unazama kati ya freti mbili, sauti inapanda, na kordi uliyoilinganisha saa nzima kwa kirekebisha sauti inatoka imepinda. Nimeshamvalishia mtu 6105 baada ya yeye kuzoea freti fupi miaka mingi, akarudi baada ya siku tatu akilalamika kuwa gitaa limeharibika sauti. Gitaa halikuwa na shida. Alikuwa analikaba. Nilimwambia abonyeze nusu ya nguvu yake, akacheka, akabonyeza, akanyamaza.

Kwa hiyo jiulize mkono wako ukoje kabla ya kuuliza freti gani ni nzuri. Anayepiga kordi za chini na kuimba hahitaji milimita 1.4. Mimi nimekwama kwenye ile ya 1.2 kwa 2.4, na sioni sababu ya kuhama.

Upana una mambo yake, lakini si mengi. Freti pana inateleza vizuri chini ya kidole kinachopanda na kushuka. Freti nyembamba inasamehe zaidi inapochakaa, nitaeleza sababu punde.

Sasa chuma chenyewe. Freti nyingi duniani ni za kile kinachoitwa nikeli silva, ambayo haina fedha ndani yake hata chembe: ni nikeli kama asilimia 18, iliyobaki ni shaba na zinki. Rangi ndiyo iliyoipa jina. Ni laini kiasi, inakatika kwa koleo la kawaida, tupa inaila bila ugomvi. Mbadala wake mgumu ni stenlesi. Haishiki kutu, haichimbiki upesi, na uzi unateleza juu yake kana kwamba kuna mafuta. Lakini inakula tupa, inakula koleo, na vipande vinavyokatwa huruka kama risasi, kwa hiyo vaa miwani. Katikati yake kuna ile ya rangi ya dhahabu, EVO, mchanganyiko wa shaba usio na nikeli kabisa. Kama ngozi yako inawasha ukivaa hereni au saa ya bei rahisi, hiyo ndiyo yako.

Kuna wanaoapa kwamba stenlesi ina sauti kali. Nimekaa na magitaa mawili ya aina moja, moja hivi na jingine hivi, nikafumba macho. Ninachoweza kusema ni kwamba kubadilisha nyuzi kuukuu kwa mpya kulileta tofauti kubwa kuliko hiyo. Chagua stenlesi kwa sababu unapiga kila siku na unavuta nyuzi sana. Usiichague kwa sababu ya sauti.

Freti haichakai kote kwa usawa. Angalia gitaa lolote lililopigwa sana: tatu za kwanza, chini ya nyuzi mbili nyembamba, zina vijifereji, kwa sababu kordi za wanaoanza zote zinaishi hapo na uzi mtupu wa chuma unakata kama msumeno. Juu zaidi, ambako watu wanavuta nyuzi, hakuna vijifereji. Pamesagika na kuwa bapa. Kwenye gitaa la nyuzi za nailoni mambo ni kinyume: nyuzi tupu haziidhuru freti, zile nene zilizozungushiwa waya ndizo zinazochimba.

Ubapa huo ndio ubaya ambao watu hawausikii mpaka waambiwe. Freti nzima ina mgongo wa mviringo, na uzi unaanza kutetemeka kutoka kilele, katikati kabisa, pale ambapo hesabu ya 17.817 ilipapanga. Mgongo ukiwa bapa uzi unaanzia ukingoni, upande wa daraja la chini linalobeba nyuzi mwilini, kwa hiyo umefupishwa. Kwenye freti ya 12, milimita moja tu inapandisha sauti karibu senti 5, na nusu toni nzima ina senti 100. Si nyingi, ila sikio linaanza kuwashwa bila kujua linawashwa na nini. Freti nyembamba ikisagika bapa, ukingo wake hauko mbali na kilele. Ndiyo maana nikasema inasamehe.

Utunzaji wa kila siku hauna siri. Futa nyuzi na ubao kwa kitambaa kikavu ukimaliza kupiga. Jasho ndilo linaloipa shaba ile rangi ya kijani pembeni mwa freti. Usiache kapo, kile kibano cha shingoni, imebana gitaa linapopumzika. Uzi wenye kutu uondoe mapema, maana ni msasa unaoupitisha juu ya freti mara elfu kwa siku. Unapobadilisha nyuzi, funika ubao kwa tepu ya karatasi ukiacha freti peke yake, kisha zipitishe stilwuli laini kabisa, ya namba 0000, mpaka zing'ae. Ila kwanza funika pikapu. Pikapu ni sumaku, na vile vinyuzinyuzi vya stilwuli vitaingia humo na havitatoka kwa heri. Ubao wa rozwudi au abanusi unapenda tone la mafuta mara moja kwa mwaka. Ubao wa mepo uliopakwa vanishi hautaki mafuta, futa tu.

Halafu kuna siku utapitisha kiganja ubavuni mwa shingo na kukwaruzwa na ncha za freti zilizochomoza. Freti hazikurefuka. Mbao imekauka, nayo ikikauka husinyaa kwa upana wake, wakati chuma kimebaki vile vile. Hapa ndipo ningekuomba sana uiache tupa mezani. Weka gitaa ndani ya kasha lake pamoja na kitu cha kuleta unyevu, lifikie unyevu wa hewa wa asilimia 45 hadi 50, subiri wiki kadhaa. Mara nyingi ncha zinarudi ndani zenyewe. Zisiporudi zote, basi sugua zilizobaki.

Mkwaruzo unao mpangilio wake wa uchunguzi, na mimi nimeulipia ada. Kwanza shingo. Funga kapo kwenye freti ya kwanza, bonyeza uzi mnene pale shingo inapoungana na mwili, halafu tazama nafasi iliyopo kati ya uzi na freti ya saba. Milimita 0.2 hivi inatosha kwa gitaa la umeme. Fila geji za mafundi magari, vile vibamba vyembamba vya kupimia nafasi, zinapima hilo vizuri sana. Hakuna nafasi? Legeza nondo. Nafasi ni kubwa mno? Kaza. Robo ya mzunguko, kisha subiri. Pili, kama mkwaruzo uko kwenye uzi ulio wazi peke yake na unapobonyeza popote unapotea, freti hazihusiki. Mfereji wa uzi kwenye kidaraja cha kichwani umechimbika. Tatu, daraja la chini: huenda nyuzi zimeshushwa kupita kiasi na mtu mwenye tamaa.

Hapo tu ndipo freti zinaitwa kizimbani, na hata hapo moja moja. Chukua kipande cha chuma chenye ukingo ulionyooka, kifupi cha kukalia freti tatu tu. Kikitikisika, ya katikati imepanda. Lakini kupanda kuna namna mbili. Ibonyeze freti hiyo kwa kitu kigumu kisichokwaruza, sehemu ya ncha hasa. Ikishuka na mtikisiko ukaisha, haikuwa ndefu. Vile vijino vimeachia ubao. Dawa yake ni tone la supagluu nyepesi kwenye mfereji na kibanio kwa muda. Ningalikuwa nimezisugua zote nilizozikuta hivyo, ningekuwa na freti fupi ambazo bado zinacheza.

Zikiwa zimekaa imara na bado hazilingani, ndipo kazi ya kusawazisha inapoanza, na ni kazi ninayoipenda kuliko kupiga gitaa lenyewe, Mungu anisamehe. Toa nyuzi. Nyoosha shingo kwa nondo mpaka rula ya chuma ikae juu ya freti zote bila mwanga kupita. Paka mgongo wa kila freti wino wa maka. Chukua boriti nyoofu iliyobandikwa msasa wa 320 au 400, ipitishe juu ya freti zote kwa urefu wa shingo, bila kukandamiza. Uzito wa boriti unatosha. Palipo juu wino unaondoka kwanza. Palipo chini unabaki. Unaendelea polepole mpaka freti ya chini kuliko zote nayo iguswe, na unaacha papo hapo, maana kila pitisho moja la ziada unazila zote kwa sababu hakuna. Gitaa likiwa na ile ya saba yangu, hapo ndipo uchungu ulipo: ili kuifikia freti moja niliyoipunguza, ilibidi nizishushe nyingine 20 na ushee.

Sasa kila freti ina mgongo bapa. Paka wino tena, chukua tupa yenye tumbo la shimo, ile maalumu ya kuumba mgongo, sugua mabega ya freti mpaka ubaki mstari wa wino mwembamba kama unywele katikati. Mstari huo usiuguse. Ukiuondoa umeishusha freti, na unaanza upya na boriti. Kisha msasa wa 600, 800, 1000, 1500, 2000, na kitambaa. Watu wengi huishia 1000 wakachoka. Uzi ukivutwa juu ya freti iliyoishia 1000 unasikika kama mtu anayekwangua ukoko wa sufuria, kwa mbali.

Kusawazisha hivi hufanyika mara mbili tatu, si zaidi. Freti ikishuka chini ya milimita 0.7 hivi, mimi huacha kuhangaika na kung'oa. Ipashe moto kwanza kwa chuma cha kulehemu mpaka gundi iliyomo ilegee, kisha iinue kwa koleo lenye uso bapa, milimita kwa milimita, kutoka ncha moja hadi nyingine. Vijino vikitoka kwa pupa vinaondoka na vipande vya ubao. Na kwenye magitaa ya Fender ya zamani uwe mwangalifu zaidi, kwa sababu freti zao zilisukumwa kutoka ubavuni badala ya kupigiliwa kutoka juu. Ukizivuta juu utachimba ubao, toa kwa njia zilizoingilia.

Kosa langu la kwanza katika kupigilia lilikuwa kuweka waya wa freti ulionyooka kwenye ubao wenye mbinuko. Nilipiga nyundo katikati, ncha zikainuka; nikapiga ncha, katikati ikainuka. Waya unapaswa kupindwa kuzidi mbinuko wa ubao kidogo, ndipo ncha zinagusa kwanza, unapiga ncha, kisha unaingia katikati, na freti inajibana yenyewe ikitaka kunyooka.

Gitaa lile la kwanza bado ninalo. Lina freti mpya za 1.2, zilizobaki 1.15 baada ya kusawazishwa, na ndani ya kasha lake kuna karatasi ninayoandika vimo vya freti, nilivyopima kwa kalipa (kipimo cha unene), chini ya uzi wa pili. Freti za zamani zimo kwenye kopo, ya saba ikiwa imefungwa tepu ili nisiipoteze. Jana nimepima tena. Ya saba mpya: 1.14. Ya pili, ambako kordi zangu zote zinakimbilia: 1.08. Mwaka juzi ilikuwa 1.11.